Fundi Lifti na Mlima Wake

Kwa muda mrefu wa maisha yake, kazi ya Fundi ilikuwa kupanda na kushuka bila kufika popote. Alikuwa fundi wa lifti. Majengo marefu ya mjini, ya benki, ya bima, na ya zile ofisi ambazo hata wanaofanya kazi humo hawakuelezi vizuri wanafanya nini, yote yalimjua kwa mgongo, maana saa zote alikuwa ameinama ndani ya shimo la lifti, tochi mdomoni, spana mkononi, grisi mpaka kwenye nyusi. Watu wakiona mlango wa lifti unafunguka hudhani ni jambo dogo. Hawajui kwamba nyuma yake kuna giza refu linalonuka chuma na panya, na kwamba yupo mwanamume mzima, mwenye mke na mtoto, aliyeula ujana wake humo.

Sasa siku moja wafanyakazi wa kampuni ya bima walipanga safari ya kupanda mlima, na kiti kimoja ndani ya basi kikakosa mtu. Wakamwambia, "Fundi, twende. Si wewe ndiye bingwa wa kupanda?" Ulikuwa utani, naye akaenda kwa utani huohuo. Aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Mtu ambaye macho yake hayajawahi kuruhusiwa kuona zaidi ya ukuta ulio mbele ya pua, ukimsimamisha ghafla mahali anapoona mabonde na mito na mji mzima umelala chini kama ukoko, usitegemee akurudie na akili zilezile. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Tangu hapo, kila mwisho wa juma ilikuwa viatu vizito, fimbo mbili, chupa ya maji, na huyo anaondoka.

Alipostaafu, wenzake wa rika lake walizungumza habari za kufuga kuku na kujenga vyumba vya kupangisha. Yeye kiinua mgongo chake alikipandisha mlimani. Akanunua nyumba ndogo ya mawe katika kijiji kilichokaa begani mwa mlima, akatangaza kwamba anahamia huko moja kwa moja: kutembea, kupanda baiskeli, kuoga kwenye maji baridi ya kijito, na kuvuta hewa.

"Hewa!" mkewe alisema. "Kwani hapa tunavuta nini, ugoro?"

Mkewe alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chini ya jengo walilopanga, chumba kimoja chenye vioo vitatu, viti vilivyochanika vikabandikwa gundi, na mashine ya kukaushia nywele iliyolia kama mbuzi mgonjwa. Mikono ilisuka, mdomo ulisimulia. Pale ndipo mtaa ulipojulikana: nani ameposwa, nani ameachwa, nani amenunua sofa asilolimudu. Mama watoto, kama mumewe alivyomwita hata baada ya mtoto wao wa pekee kuolewa nchi ya mbali, hakuwa mtu wa kukaa kimya. Hata usingizini alikuwa akijibu watu.

Na jambo lenyewe ni hili, tulishike mapema. Fundi hakuhamia mlimani ili akae peke yake. Alimpenda mkewe, tena alimpenda bila ujanja, mapenzi ya mtu aliyezoea kurudi jioni akakuta taa inawaka. Alitaka mlima, na alitaka mke, vyote viwili chini ya paa moja, na mpaka leo hajawahi kutaka kingine. Mke alisema, "Tangulia, nitakufuata." Akatangulia.

Kijijini kulikuwa na watu wa aina mbili: waliozaliwa pale, na waliohamia kwa ajili ya mlima. Hawa wa pili walikuwa wachache, mwalimu mstaafu na baiskeli yake, daktari wa meno aliyechoshwa na vinywa vya watu, na vijana wa kompyuta waliofanya kazi wamevaa kaptura. Wenyeji waliwaita Watembea Bure. Hawakuwa na ubaya nao, walishindwa tu kuwaelewa. Bibi mmoja aliyekuwa akishuka na mzigo wa kuni alimkuta Fundi anapanda mikono mitupu, jasho linamtiririka.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Natembea tu, mama."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Kule juu."

"Kule juu kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Bibi alimtazama kwa huruma. "Pole sana, baba," akasema, akaendelea na safari yake.

Jirani yake wa karibu alikuwa muongoza wageni, mtu wa makamo aliyeitwa Mbuzi. Alipewa jina hilo kwa ajili ya miguu, si tabia. Huyu Mbuzi ndiye aliyemfundisha Fundi kusoma mawingu, na ndiye aliyempachika jina la Fundi Lifti, lililoenea kijiji kizima kabla jua halijatua.

Mke alikuja, kweli alikuja. Alifunga saluni, akamwachia mwenzake funguo, akapanda na masanduku yake akakaa karibu msimu wote wa mvua. Asiseme mtu kwamba hakujaribu. Aliamka kwenye baridi akachemsha maji. Alitoa kiti nje ya mlango akaweka kioo kidogo dirishani, akatangaza kwamba anasuka. Wanawake wa kijiji walikuwa na mashamba, na nywele zao zilikaa chini ya vitambaa kuanzia alfajiri. Wawili watatu walikuja kwa adabu, wakasukwa, wakashukuru, wakaondoka mbio kuwahi palizi. Hakuna aliyekaa kusimulia. Mama watoto akabaki na hadithi zake kinywani, na mume aliyerudi kila adhuhuri na habari za ndege.

Ndipo siku moja mvua ilipopumzika akasema, "Haya, na mimi nipeleke nikamwone huyo mke mwenzangu." Fundi alifurahi mpaka akafunga kamba za viatu vya mkewe kwa mikono yake. Wakaondoka. Mwanzoni mama watoto aliimba, kisha akanyamaza, kisha akaanza kuhema. Walipofika kwenye jiwe kubwa chini ya ukingo wa mwisho alikaa.

"Hapa ndipo kwangu pa mwisho, baba watoto."

"Kimebaki kidogo tu!"

"Hicho kidogo kaa nacho wewe."

"Basi ningoje. Nachungulia tu, narudi sasa hivi."

"Sasa hivi yako naijua," mke alisema, lakini alisema anacheka.

Fundi akapanda. Huko milimani ukungu hauji kutoka juu kama watu wa mjini wanavyofikiri, hupanda kutoka chini, kimyakimya, na wewe uliye juu unabaki juani huku aliye chini yako haoni hata kiganja chake. Alikuwa karibu kabisa na ukingo aliposikia anaitwa. "Baba watoto!" Milimani sauti hupanda vizuri. "Baba watoto! Rudi! Sioni!"

Tuseme ukweli, maana hapa ndipo mambo yote yalipovunjikia. Alisikia. Alisimama, mguu mmoja umeshapanda juu ya jiwe. Akafikiri: amekaa chini, jiwe halili mtu, na ukingo ule pale. Akaitwa tena. Akapanda. Tena alipofika hakuchungulia, alikaa. Aliiangalia dunia nzima ikiwa nyeupe chini yake na vilele vikichomoza, akasahau kwamba ndani ya weupe ule kulikuwa na mtu.

Aliporudi alimkuta mkewe amelikumbatia jiwe, nguo zimelowa, sauti imekauka kwa kuita. Alimwangalia mume usoni kwa muda.

"Umeona vizuri?" akauliza.

"Vizuri mno! Laiti ungeona..." Na akamsimulia, njia nzima, mpaka nyumbani. Mtu mwenye furaha ni kiziwi.

Mama watoto hakugomba. Alichemsha maji, akaoga, akala, akalala. Laiti angegomba! Mwanamke anayekugombeza bado ana haja na wewe. Baada ya siku chache alisema anashuka kuangalia saluni, akashuka, na kuanzia hapo akawa anapanda kama mgeni: mara kwa mara, na mkoba mdogo, na tarehe ya kuondoka anayo kabla hajafika.

Fundi hakuona. Fundi ni fundi, akisikia kitu kinalia hutafuta bolti iliyolegea. Mke aliposema, "Kwako kuna baridi," alijenga sehemu ya kuotea moto na bomba la moshi, mawe akiyabeba mwenyewe. Aliposema maji yanakata mifupa, alifunga hita. Aliposema chumba kina giza, alivunja ukuta wa upande wa bonde akatia dirisha kubwa la vioo, kiasi kwamba Mbuzi alimwuliza kama anafungua duka. Hata ukimya aliutafutia dawa, akaleta redio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Hawakusema mtu akihangaika kuziba nyufa zote isipokuwa ule mmoja atajenga nini.

"Kwako, kwako," alimtania mkewe kwenye simu. "Sema kwetu, mama watoto. Nyumba ni yetu."

"Haya, Fundi," mke alijibu, akacheka. Naye Fundi akakitia kile kicheko mfukoni akatembea nacho wiki nzima. Binti yao alimpigia kutoka huko alikoolewa, akamwuliza, "Baba, umewahi kumwuliza mama anataka nini?"

"Nimemwuliza, mwanangu. Anataka dirisha. Nimeshaweka."

Binti akaulizia hali ya hewa.

Mvumilivu hula mbivu, Fundi alijiambia. Kweli, lakini wapo wanaovumilia mpaka tunda linaanguka lenyewe na kuliwa na siafu. Simu zikawa fupi. Mke aliuliza, "Huko kwako mvua imenyesha?" Fundi akieleza mvua, mke anasema, "Haya, mimi niko na mteja." Msimu ukapita, na mwingine ukapita, na yeye aliendelea kutembea, kifua kikipanuka, miguu ikikaza, akipendeza kama kijana. Afya aliipata, hilo hatutamnyima. Lakini jioni alikaa mbele ya moto aliomwashia mtu asiyekuwepo, na kwa mara ya kwanza maishani akaanza kuogopa kuingia ndani ya nyumba. Ile nyumba, jua likishazama, ilimkumbusha shimo la lifti.

Jumatatu moja, akiwa anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli, simu ikalia kwa ujumbe. Ulikuwa wa mkewe. "Nimechoka. Nimefunga saluni. Ijumaa narudi kwetu. Usihangaike."

Aliusoma amesimama. Aliusoma tena amekaa. Akatoka nje na simu mkononi, akarudi ndani, akatoka tena. Kwetu! Amesema mwenyewe, hakusukumwa. Na saluni ameifunga, saluni ambayo ndiyo ilikuwa kamba ya mwisho. Halafu lile "usihangaike," eti asihangaike, mwanamke yule anavyomjua mumewe! Fundi, mtu aliyezidi umri wa kustaafu, alikaa kwenye kizingiti akalia machozi ya raha.

Neno hili, "kwetu", ni neno la hatari. Mume akilitamka lina maana moja. Mke akimwandikia mumewe kwamba anarudi kwetu, basi hakuna mwanamke chini ya jua, hata binti wa shule, atakayekosa kuelewa anarudi wapi. Angemwonyesha mama mwenye duka la pale kijijini ujumbe ule, mama angemrudishia simu akatazama pembeni. Lakini alimwonyesha nani? Alimwonyesha Mbuzi, ambaye hajaoa.

"Mama anakuja!" Mbuzi alisema. "Basi nikuletee kuni."

Tangu siku ile Fundi hakupanda mlima. Alihangaika, ingawa alikatazwa. Alisugua sakafu, akakisogeza kitanda upande wa dirisha. Kisha akafungua stoo iliyokuwa na baiskeli, fimbo na viatu, akavitoa vyote nje vikanyeshewe, maana alikuwa amepata wazo. Alipaka kuta chokaa. Akatundika kioo kikubwa. Akachukua kiti chake cha mezani akakifungia mguu wa chuma, springi, na kanyagio, mambo aliyoyajua kwa vidole hata gizani, mpaka kikawa kiti cha saluni: unakanyaga, mteja anapanda, unakanyaga tena, anashuka polepole bila kushtuka. Alimkalisha Mbuzi juu yake akampandisha na kumshusha, Mbuzi akicheka mpaka akakohoa.

"Fundi, hii ndiyo lifti ya kwanza kijijini."

"Na ya mwisho," Fundi akajibu. "Sitengenezi nyingine. Hii ni ya mke wangu."

Ijumaa alinyoa ndevu akajikata, akavaa shati jeupe. Basi lilifika mchana, saa ambayo watu wengi huwa kwenye kivuli cha stendi, na wote walishajua anamngoja nani. Mama mwenye duka alikuwa amefagia mbele ya mlango wake. Mbuzi alikuja na kamba ya kufungia mizigo. Mlango ukafunguka, wakashuka: mwanamke na mtoto, mwanafunzi, mtu na godoro, vijana wawili na fimbo zao za kutembelea. Kondakta akashuka wa mwisho akanyoosha mgongo.

"Wameisha?" Fundi akauliza.

"Wameisha, mzee."

"Hakuna mama, mnene kidogo, mwenye masanduku?"

"Wa masanduku ningemkumbuka."

Akangoja gari la pili. Hilo lilileta saruji. Simu ya mkewe iliita bila kupokelewa. Watu wakaanza kukumbuka shughuli zao, mmoja mmoja, kwa heshima. Akabaki yeye, Mbuzi, na ile kamba. Ndipo simu ikalia, na aliyepiga alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu waliyependana tangu siku ya posa.

"Shemeji, habari za huko?"

"Nzuri, shemeji, ila nina wasiwasi. Dada yako ameondoka mjini tangu asubuhi na hajafika."

Shemeji akauliza, "Hajafika wapi?"

"Huku. Kwetu."

"Shemeji," yule akasema, sauti imeshuka, "dada yuko hapa. Amefika na mizigo yake yote, yuko ndani na mama wanakunywa chai. Hakukuambia?"

Fundi aliangalia barabara iliyoshuka mpaka ikapotea kwenye miti.

"Aliniambia," akasema.

Kesho yake alishuka. Nyumba ya wakwe ilikuwa katika mji mdogo wa chini, joto, barabara ya vumbi, mlango wa kijani unaokwaruza sakafu ukifunguliwa. Sebuleni hakuna kilichobadilika: makochi yenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani inayokwenda mbele, picha ya harusi yao ambayo yeye ametoka amefumba jicho moja. Mama mkwe alikuwa mzee sana sasa, amefunikwa khanga miguuni. Shemeji alikaa karibu na mlango. Mama watoto mwenyewe ndiye aliyeleta chai. Alimwekea sukari kama anavyopenda, akamwuliza, "Goti linaendeleaje?" Fundi akajibu kwamba halijambo. Upole ule ulimtisha kuliko matusi.

Mama mkwe hakuzunguka. Alimgeukia binti yake.

"Mwenzio amekuja. Sema tusikie. Amekupiga?"

"Hajanipiga hata siku moja."

"Amekunyima?"

"Hajaninyima."

"Ana mwanamke?"

"Angekuwa na mwanamke ningejua pa kuanzia, mama. Ana mlima."

Shemeji alicheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. Na mama watoto, mikono juu ya magoti, akasimulia habari za lile jiwe na ule ukungu. Hakupamba. Yeye aliyeweza kumsimulia mteja habari ya shilingi iliyopotea mpaka watu wakalia, hii aliisimulia kwa maneno machache, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Alisema alifikiri atakufa pale. Alisema aliita. Alisema tangu siku ile, kila akilala katika nyumba ile, anajiona yuko kwenye jiwe.

Mama mkwe alishusha pumzi, na ilikuwa wazi kwamba ametulia, kwamba alitegemea kubwa zaidi.

"Ukungu tu, mwanangu? Ukungu hupita. Mimi na baba yako tuligombana kwa mambo, we acha tu."

"Tena shemeji hakusikia, dada," kaka akasema upesi, kwa nia njema kabisa. "Upepo wa milimani unajulikana. Mtu akikuita hapo tu, husikii. Si ndivyo, shemeji?"

Wakamgeukia wote wawili, mama na kaka, nyuso zimefunguka, wamemshikia mlango. Fundi aliliona neno lenyewe limewekwa mbele yake tayari, limekatwa kwa kipimo chake. Sikusikia. Neno moja tu. Mama mkwe angetoa hukumu, na katika nyumba ile neno la mama lilikuwa la mwisho. Masanduku yangefungwa tena. Jumapili wangepanda wote wawili. Angemwonyesha kiti.

Akamtazama mkewe. Mkewe naye alikuwa akimtazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Fundi hakukitambua, kwa kuwa alikuwa hajakiona muda mrefu. Akadhani ni hasira. Akadhani anadaiwa ukweli. Naye mwenyewe alikuwa amechoka kuwa peke yake anayejua kwamba alisikia.

"Nilisikia, mama," akasema. "Aliita mara mbili. Nikasema ukingo ni ule pale."

Saa ya ukutani iliendelea. Mama watoto aliinamisha kichwa polepole, akakunja upindo wa gauni lake, akaukunjua.

"Mimi nilikuwa najiambia hukusikia," akasema. "Siku zote hizo. Nikasema labda ni upepo. Niliogopa tu kukuuliza."

Hapo Fundi akaelewa kile alichokuwa amekiona usoni mwa mkewe, na kwamba kimeshaondoka. Mtu hupata wapi maneno ya saa kama hiyo? Alianza kusema yote kwa pamoja, bila mpangilio. Kwamba nyumba ataiuza. Kwamba viatu amevitupa nje, vimeoza. Kwamba atarudi mjini, watapanga chumba, hata kama ni kimoja, hata kama ni chini ya lifti. Kwamba amemtengenezea kiti kinachopanda na kushuka, Mbuzi shahidi. Mama mkwe alikuwa ameanza kujifuta macho kwa pembe ya khanga.

"Usiuze," mkewe akasema.

Alisema kwa huruma, kama mtu anayemshauri mteja asikate nywele. Fundi akainua uso, maana kwa sekunde moja alisikia tumaini.

"Usiuze nyumba," akarudia. "Utaishi wapi?"

Basi. Hakukuwa na kesi tena. Chai ilimalizwa kwa sababu chai haimwagwi. Mama mkwe alimshika mkono kwa mikono yake miwili akakaa nao kidogo, kisha akauachia. Mama watoto alimsindikiza mpaka kwenye ule mlango wa kijani. Akamtoa uzi uliokuwa begani kwa shati lake jeupe, kwa mazoea tu, akarudi ndani kutoa vyombo.

Shemeji ndiye aliyemfikisha stendi. Walitembea bega kwa bega wakizungumzia bei ya saruji na ubovu wa barabara, kama walivyofanya siku zote, na Fundi akaanza kujidanganya kwamba angalau hili moja limebaki. Gari lilikuwa tayari linanguruma. Yule mtu, ambaye tangu siku ya posa hakuwahi kumwita kwa jina lolote isipokuwa shemeji, alimpa mkono kupitia dirishani.

"Haya, Fundi," akasema. "Safari njema."

Dereva akatia gia, na gari likaanza kupanda.